Mhubiri wa furaha hujifunzia nyumbani

Jumapili mchana, ugali ukishapakuliwa, wapo wazazi wenye desturi ya kuwauliza watoto wao swali moja: "Leo mhubiri amesema nini?" Watoto wengi hujibu, "Amesema tuache dhambi." Wiki inayofuata jibu ni hilo hilo, na nyingine tena hivyo hivyo. Mtoto hajadanganya. Ametaja kile kilichobaki kichwani baada ya saa mbili za kukaa kwenye benchi.

Swali hilo lina uzito wake Kolandoto, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Shinyanga, kwenye barabara iendayo Mwanza. Hospitali ya hapo ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, na leo ni mali ya kanisa la AICT. Katika maeneo kama haya mchungaji mmoja huwa na makanisa kadhaa ya kuangalia, kwa hiyo Jumapili nyingi anayesimama mbele si yeye. Ni mwinjilisti, mzee wa kanisa, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, au mama aliyepangiwa zamu na kikundi cha wanawake. Kwa maneno mengine, ni mzazi wa mtoto fulani aliyekaa pale pale akisikiliza.

Wengi wa wahubiri hawa hawakupita chuo cha Biblia. Walijifunza kuhubiri kwa kusikiliza wengine, na walichosikia zaidi ni kukemea. Ndiyo maana hata mama aliye mpole kwa majirani zake, akishika maikrofoni, sauti hubadilika, mishipa ya shingo inamsimama na kidole kinanyooka. Watoto wake wanamtazama na kujiuliza kama huyu ndiye aliyewapikia uji asubuhi.

Furaha si vichekesho

Anayetaka kujifunza kuhubiri kwa namna inayoamsha furaha ya kumfuata Kristo aanze kwa kuondoa mambo mawili yanayofanana na furaha lakini siyo.

La kwanza ni vichekesho. Mhubiri anaweza kuwachekesha watu nusu saa nzima na wakarudi nyumbani wakikumbuka kichekesho tu.

La pili ni ahadi ya utajiri, na katika ukanda wa dhahabu ahadi hii ina soko kubwa. Kijana anayeshinda ndani ya duara huko Geita, au anayesubiri zamu yake kwenye karasha, akiambiwa kwamba sadaka yake itafungua mwamba, atafurahi siku hiyo. Ila mwamba hausomi Biblia. Wapo wanaotoa na wasipate, na wapo wasiotoa wakapata. Siku dhahabu inapokosekana, kijana haachi duara tu, anaacha na kanisa, kwa sababu aliambiwa vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Mzazi wake anabaki akishangaa imani ya mtoto imepotelea wapi.

Upande wa pili kuna mahubiri ya hofu. Shinyanga na Geita wanajua gharama yake. Vikongwe wameuawa katika mikoa hii kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu baada ya miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Watoto wenye ualbino walilazimika kutenganishwa na wazazi wao na kulelewa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, ili wabaki hai. Mhubiri anayetumia kila Jumapili kutaja wachawi, bila kutaja jina la mtu, anaweza kudhani ameonya tu. Mtoto aliyeketi benchi la mbele anarudi nyumbani na kumtazama bibi yake kwa jicho jipya. Hofu iliyopandwa kanisani huota nyumbani.

Kwa hiyo furaha hapa si suala la ladha ya mahubiri. Ni suala la bibi kuaminiwa na wajukuu, na kijana kuwa na kitu cha kushika siku mfuko ukiwa mtupu.

Neno "mwanafunzi"

Kiswahili kina mtego mmoja ambao mhubiri mzazi anapaswa kuujua. Wafuasi wa Yesu wanaitwa wanafunzi. Mtoto wa darasa la nne akisikia neno hilo haoni Galilaya. Anaona sare, mstari wa asubuhi, mtihani wa kujipima, na fimbo iliyolala juu ya meza ya mwalimu. Akiambiwa "uwe mwanafunzi mzuri wa Yesu," anaelewa kwamba yupo mwalimu mwingine wa kumwogopa, na huyu haendi likizo.

Mfano wa karibu zaidi ni kijana anayejifunza kazi kwa fundi. Anashinda naye, anakula naye, anashika nyundo vibaya na kuonyeshwa tena. Anauliza maswali ya kijinga na hafukuzwi. Siku moja fundi anamwachia kazi ndogo, na kijana anakwenda nyumbani akitembea kama mtu mzima. Injili zinawaonyesha wale kumi na wawili wakiishi hivyo na Yesu: wanasafiri pamoja, wanakosea, wanagombania ukubwa, wanarekebishwa, wanatumwa wawili wawili na kurudi kusimulia waliyoyafanya.

Mhubiri akilieleza neno hilo hivyo mara moja tu, kwa mfano wa fundi cherehani au fundi baiskeli anayejulikana pale senta, watoto watalisikia tofauti mwaka mzima.

Somo la Lango la Maji

Kwa anayetafuta mwalimu wa kuhubiri ndani ya Biblia yenyewe, sura ya 8 ya kitabu cha Nehemia inatosha kwa kuanzia. Watu wamekusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, Yerusalemu. Wapo wanaume, wapo wanawake, na wapo wote wanaoweza kusikia na kuelewa, maana yake na watoto waliokwisha pata akili. Ezra amesimama juu ya jukwaa la mbao lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Anasoma tangu asubuhi hadi adhuhuri. Walawi wanapita kati ya watu wakifafanua, ili kila mmoja aelewe kilichosomwa.

Kisha watu wanaanza kulia. Wameisikia sheria na wameona jinsi walivyo mbali nayo. Hapa ndipo mahubiri mengi ya leo yangesimama na kusema kazi imefanyika: watu wamelia, ibada imekuwa nzito. Nehemia, Ezra na Walawi hawakuishia hapo. Waliwaambia watu wasiomboleze. Waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wale wasio na kitu wapelekewe sehemu yao, kwa kuwa furaha itokayo kwa Bwana ndiyo nguvu yao.

Mwandishi anataja sababu ya watu kuondoka wakishangilia: walikuwa wameyaelewa maneno waliyoambiwa. Hakutaja kwamba Ezra alikuwa na sauti nzuri. Furaha ilitokana na kuelewa. Mhubiri anayetaka furaha kanisani aanze kwa kuhakikisha ameeleweka, na mtoto wa miaka kumi ni kipimo kizuri kuliko mzee wa kanisa, kwa sababu mtoto hatikisi kichwa kwa heshima.

Siku ya pili yake walirudi kwa Ezra wakuu wa familia, yaani wazazi, pamoja na makuhani na Walawi, ili wajifunze zaidi. Walichokigundua katika andiko ni sikukuu ya vibanda. Wakatoka kwenda mlimani kukata matawi, wakajenga vibanda juu ya dari na nyuani mwao, familia nzima ikakaa humo. Mtu yeyote aliyewahi kuona watoto wakijenga kibanda cha kulindia ndege shambani anaweza kuwazia kelele za wiki ile. Mahubiri yalikuwa yamefika nyumbani kwa miguu na mikono.

Andiko moja, mahubiri mawili

Tofauti inaonekana vizuri kwenye andiko ambalo kila mtu analijua: mwana mpotevu, Luka 15.

Mhubiri wa kwanza anawageukia vijana. Anaeleza kwa kirefu jinsi yule kijana alivyotapanya mali, anataja baa za Katoro, anataja simu kubwa na pikipiki za mkopo, anafika kwa nguruwe na kukaa hapo robo saa. Baba anayekimbia anatajwa dakika ya mwisho, wakati kwaya imeshaanza kusimama. Vijana wanatoka wameinamisha vichwa. Wazazi wanatoka wameridhika.

Mhubiri wa pili anaanza kwa baba. Anauliza: Nani amewahi kumwona mzee mwenye heshima zake akikimbia barabarani mchana? Mzee wa Kisukuma hakimbii. Watoto ndio hukimbia kwenda kumsalimia. Huyu wa kwenye Luka alimwona mwanawe angali mbali, na kuona mbali hivyo kunaashiria macho yaliyozoea kutazama njia. Akakimbia. Kijana alikuwa ameandaa hotuba ya kuomba kibarua, na hakuachiwa nafasi ya kuimaliza.

Kisha anamgeukia kaka mkubwa, ambaye mhubiri wa kwanza alimsahau. Huyu hakwenda popote. Ameshinda shambani miaka yote, na kwa maneno yake mwenyewe anaonyesha kwamba alijiona kama mtumwa. Anasikia ngoma na hataki kuingia. Kanisani wapo wengi wa namna hii, na baadhi yao ndio wanaoshika vitabu vya mahudhurio. Hawajatenda kosa la kutangazwa, ila kumfuata Mungu kwao ni kibarua kisicho na malipo. Baba alitoka nje kumsihi huyu pia.

Mwisho mhubiri wa pili anatoa jambo moja la kufanya. Familia nyingi za Shinyanga zina kijana aliyekwenda migodini na hajarudi. Mara nyingi hakai huko kwa kiburi. Anaona aibu kurudi mikono mitupu, maana kila simu kutoka nyumbani huanza na ada ya mdogo wake au bati la nyumba. Jambo la kufanya jioni hii ni kumpigia na kutomwomba kitu. Kumwuliza kama amekula, kama anaumwa, na kumwambia kwamba mlango uko wazi hata akija na begi tupu.

Mahubiri hayo yana wito, na wito wenyewe si mwepesi kwa mzazi mwenye madeni. Ila mtu anautekeleza akiwa na furaha kwa kuwa ameonyeshwa kwanza Mungu alivyo, kisha akaambiwa la kufanya. Mpangilio huo ndio mzizi wa jambo lote. Mahubiri yanayoanza na kuishia kwenye "fanyeni" huzaa kaka wakubwa.

Festo Kivengere, mwalimu wa Dodoma

Afrika Mashariki imewahi kuwa na mhubiri aliyejulikana kwa furaha. Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 Kigezi, Uganda, akachunga ng'ombe utotoni. Imani yake iliwaka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 hadi Kagera na sehemu nyingine za Tanganyika. Katika miaka ya 1940 yeye na mkewe Mera walihamia Dodoma, akafundisha shule hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyemtafsiria. Baadaye akawa Askofu wa Kigezi.

Mikutano ya uamsho ilikuwa na somo kwa wahubiri wasio na chuo. Mkulima au mama wa nyumbani alisimama na kueleza kwa maneno yake jambo halisi: deni alilokana, jirani aliyemchukia, mke aliyemsemea vibaya asubuhi hiyo. Alieleza alivyosamehewa, na watu wakaimba. Ushuhuda ulikuwa na jina la dhambi na jina la neema. Kivengere mwenyewe alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba msamaha mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia.

Furaha hiyo ilipimwa. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, Kivengere na Mera walitoroka usiku kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huo huo aliandika kitabu kidogo akieleza kwa nini hakuweza kuendelea kumchukia Idi Amin. Mtu aliyehubiri furaha alikuwa na sababu zote za kuiacha, na hakuiacha.

Kujiandaa kama manju

Wasukuma wana shule ya zamani ya kuandaa furaha. Baada ya mavuno, makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na kundi linaloshinda ni lile linalowavuta watazamaji upande wake. Manju haendi uwanjani na nyimbo za mwaka jana. Anatunga mapya, anawafundisha wachezaji, wanafanya mazoezi hadi miguu inajua yenyewe. Makanisa mengi ya kimisionari yaliikataza ngoma kwa muda mrefu, ingawa huko Bujora, Kisesa, Padre David Clement aliileta kwenye sherehe za kanisa. Vyovyote mtu aonavyo kuhusu ngoma, bidii ya manju inamhukumu mhubiri anayefungua Biblia Jumamosi saa nne usiku.

Kwa mzazi mwenye kazi nyingi, wiki inaweza kwenda hivi. Jumatatu asome andiko lote mara mbili, na kama nyumbani kunaongewa Kisukuma, alisome pia kwa Kisukuma, maana lugha ya nyumbani hufichua maneno ambayo Kiswahili cha kanisani kimeyazoea mno. Jumanne na Jumatano, akiwa jarubani au njiani kwenda kazini, ajiulize: Mungu anafanya nini katika andiko hili? Hapo kuna habari gani njema? Alhamisi aandike sentensi moja inayobeba mahubiri yote. Ikimshinda kuiandika, wasikilizaji nao itawashinda kuikumbuka. Ijumaa aongeze mfano mmoja wa hapa hapa, na jambo moja la kufanya. Jumamosi awasimulie watoto kwa dakika tano na aangalie walipoanza kuchezea vidole. Hapo ndipo pa kupunguza.

Kuna jambo la kuepuka. Mhubiri asitumie makosa ya watoto wake kama mifano kanisani. Binti aliyetajwa mbele ya watu kwamba alidanganya kuhusu chenji ya mafuta ya taa hatasahau, na hatamwamini tena mzazi kwa siri yake.

Furaha inayojua kulia

Mhubiri wa Kolandoto ana wasikilizaji ambao wengine hawana. Benchi la nyuma anaweza kukaa mgeni aliyetoka Kishapu au Maswa akimuuguza mtu wodini. Amekuja ibadani na kanga iliyolowa machozi, na mchana anatakiwa kurudi na uji kwenye chupa. Kumwamuru afurahi ni kumwongezea mgonjwa wa pili.

Waraka kwa Wafilipi, uliojaa furaha kuliko nyaraka nyingine za Paulo, uliandikwa na mfungwa. Paulo hakuficha minyororo yake. Alitaja machozi, alitaja rafiki aliyekaribia kufa kwa ugonjwa, na alitaja huzuni juu ya huzuni ambayo Mungu alimwepusha nayo. Mhubiri anayejifunza kwake atamtaja mgonjwa kwa jina katika maombi, atanyamaza inapobidi, na ataacha kusema kwamba imani ingekuwa kubwa mgonjwa angepona. Mama yule akirudi wodini akijua kwamba hayuko peke yake, na akikuta mtu wa kanisa amemletea ndoo ya maji ya kuogea, amepata kitu ambacho kelele zisingempa. Ndiyo ile sehemu iliyopelekwa kwa wasio na kitu, mbele ya Lango la Maji.

Madhabahu ya kwanza

Mtoto hulinganisha. Anamsikia baba akihubiri upendo Jumapili, na Jumatatu anamsikia akimjibu mama. Anaposikia baba huyo huyo akisema, "Mama, nisamehe, nilikujibu vibaya," amesikia mahubiri ambayo hakuna maikrofoni inayoweza kuyakuza.

Ibada ya nyumbani isizidi dakika kumi na tano kwa watoto wadogo. Wimbo mmoja waupendao, kisa kimoja, swali moja. Mtoto apewe nafasi ya kusimulia kisa kwa namna yake, hata akichanganya Daudi na Danieli. Swali lisiwe "Umejifunza nini?" kwa sababu hilo ni la shuleni. Liwe "Nani kwenye hiki kisa ungependa kukaa naye?" au "Wapi umecheka?" Mtoto akisema hakupenda kitu chochote, asikaripiwe. Aulizwe kwa nini, na mzazi asikilize hadi mwisho.

Baada ya wiki chache za kusikiliza hivyo, mzazi atakapopangiwa zamu ya kuhubiri atakuta ameshajua watu wanaelewa wapi na wanachoka wapi. Atapunguza kukemea. Na Jumapili mchana hahitaji kuwauliza watoto mhubiri amesema nini. Awaulize wangependa kumpelekea nani sahani ya chakula, kisha aende nao.